Rangi inabanduka, stika zina ukungu, kioo kina alama ya kidole: Spitfire yangu imekumbwa na nini?

"Shikamoo fundi. Nina miaka 27 na hii ni ndege yangu ya pili kujenga, modeli ya plastiki ya Spitfire, ile ndege ya kivita ya Uingereza, kwa kipimo cha 1/72, ile ya kahawia na kijani ya mwaka 1940. Kuunganisha kulienda poa, nilitumia supaglu kila sehemu maana inashika haraka. Rangi ni akriliki ya maji, nilipaka kwa brashi. Kahawia nilipaka mchana, baada ya masaa mawili nikabandika selotepu ili nipake kijani, kuja kuvuta tepu rangi ikabanduka kama ngozi mpaka plastiki ikaonekana. Nikarudishia juu yake nene nene. Stika nazo zimeshika ila pembeni zina kama ukungu wa fedha, mtu akiangalia anajua kabisa hii ni stika. Halafu usiku nikabandika kioo cha rubani, asubuhi naamka kimekuwa cheupe, na katikati kuna alama ya kidole changu ambayo jana haikuwepo, naapa nilikifuta. Watu wananiambia rangi ni feki, stika zimeisha muda wake, nitupe ninunue eabrashi, ile mashine ya kupuliza rangi kwa hewa, na kompresa nianze upya. Na nikifanya kazi chumbani usiku kichwa kinaniuma kidogo, sijui ni macho? Nimebakiza kidogo nikate tamaa."

Marahaba ndugu yangu. Nimesoma swali lako mara mbili na mara ya pili nikacheka, sio kwa ubaya, ni hiyo alama ya kidole tu, maana na mimi ninayo moja kabatini mpaka leo, nitakuambia mbele huko.

Kwanza usitupe kitu. Pili, rangi yako sidhani kama ni feki, na stika zako nina uhakika karibu wote kwamba ni nzima, stika mbovu kweli zinapasuka vipande vipande ukiziweka kwenye maji au zinagoma kabisa kuachia karatasi, zako zimeachia vizuri na zimeshika. Ukiyaangalia haya matatizo yako utaona yana tabia moja, kosa halipo pale unapoliona, lipo hatua moja nyuma. Stika zimeharibiwa na rangi iliyo chini yake, rangi imeharibiwa na plastiki iliyo chini yake, na kioo kimeharibiwa na gundi uliyoipaka ukaenda kulala. Ndo maana ushauri wa kununua rangi nyingine au mashine nyingine haukufikishi popote, utabeba kosa lilelile ukalipake kwa vifaa vya bei.

Tuanze na kioo maana ndo kinachouma zaidi, na ndo chenye maelezo matamu.

Supaglu haikauki kama rangi inavyokauka. Inaganda ikikutana na unyevu, unyevu mdogo tu ule uliopo hewani au kwenye ngozi yako, ndo maana vidole vinashikana kabla hata hujajua. Sasa wakati inaganda kuna sehemu ya gundi inayopaa kama mvuke, huoni, ila unaisikia puani na machoni. Huo mvuke ukitua mahali penye unyevu au mafuta kidogo unagandia hapohapo na kuwa unga mweupe mgumu. Wewe ulipaka gundi kuzunguka kioo, ukakifunga, chini yake ni kichumba cha rubani kidogo kama punje ya haragwe kisicho na pa kupumulia, mvuke wote ukabaki unazunguka humo usiku kucha. Na alama ya kidole? Polisi wa upelelezi wanafanya hivyohivyo kwa makusudi, wanachukua kitu chenye alama zisizoonekana, wanakifungia kwenye kasha pamoja na mvuke wa supaglu, alama zinatokea nyeupe peee. Kidole chako kilikuwepo tangu jana ndugu yangu, ulifuta nje ukasahau ndani, gundi imekusaidia kukiona tu.

Kwa hiyo kwenye vioo supaglu hapana. Tumia gundi nyeupe ya maji, ile ya karatasi na mbao, inakauka inakuwa angavu, haitoi mvuke wa kuchafua, na ukikosea unafuta kwa kitambaa chenye maji ukaanza upya. Haina nguvu sana, ni kweli, lakini jiulize, kioo cha modeli kinabeba nini? Hakibebi kitu. Kuna watu wanachovya kioo kwanza kwenye vanishi angavu ya akriliki inayong'aa na kukiacha kikauke siku nzima chini ya kikombe vumbi lisiingie, hiyo inaziba mikwaruzo midogo na pia inakikinga, mimi nafanya hivyo kwa kila kioo siku hizi.

Hiki cha kwako sasa. Inategemea ukungu uko upande gani. Wa nje unaondoka kwa subira, msasa laini sana wa maji namba 2000 halafu 4000 kwenda juu, kisha dawa ya kung'arishia plastiki, au hata dawa ya meno ya kawaida nyeupe kwenye kitambaa laini, unazungusha kwa dakika kadhaa unasuuza unaangalia. Wa ndani lazima kioo kitoke. Supaglu ina udhaifu mmoja, ni ngumu lakini haina uvumilivu, ikipata baridi inakuwa kama chaki. Weka ndege nzima kwenye mfuko, iache kwenye friza saa moja au mbili, ukiitoa tu chukua wembe mwembamba uingize pembeni ya kioo taratibu bila kulazimisha, ukisikia kimetoa sauti ya "tik" ujue kimeachia. Sikufichi, plastiki angavu huvunjika kirahisi kuliko ile ya kijivu, na kinaweza kikapasuka. Kama utaona hakitaki baada ya majaribio mawili acha, kioo chenye ukungu ni afadhali kuliko nusu kioo. Na tafadhali usije ukapata wazo la kufuta kwa asetoni kwa sababu umesikia inayeyusha supaglu, inayeyusha kweli, ila plastiki nayo inayeyuka.

Hapo hapo nimalize habari ya gundi kwa ujumla, maana umesema ulitumia supaglu kila sehemu. Plastiki ya hizi modeli inaitwa polistairini, na uzuri wake ni kwamba kuna gundi maalum ya modeli ambayo kimsingi sio gundi, ni kimiminika kinachoyeyusha plastiki kidogo pande zote mbili, zikigusana zinachanganyika, kimiminika kikipaa unabaki na kipande kimoja. Ni kama kuchomelea bila moto. Ile nyembamba kabisa yenye kibrashi kwenye kifuniko huipaki kabla, unashikilia vipande viwili pamoja vikavu, unagusisha ncha ya brashi kwenye ufa, na unaiona kwa macho inakimbia yenyewe kufuata ufa wote mpaka mwisho, mara ya kwanza ukiona utarudia kwenye kipande kingine kwa raha tu. Ukikandamiza kidogo plastiki laini inajitokeza kama kamstari kwenye muungo, iache ikauke siku nzima, ukwangue, na muungo umepotea bila hata puti. Supaglu mimi ninaiweka kwa ajili ya chuma, resini, na kuziba vitundu, basi. Imeshika ndege yako, sikatai, lakini kwenye bawa linaloshikwashikwa ndo itaachia siku ikianguka.

Haya, rangi.

Akriliki ya maji ikitoka kwenye chupa ni chembechembe za plastiki laini zinazoelea majini. Maji yakiondoka zile chembe zinasogeleana, zinashikana, zinakuwa utando mmoja. Angalia nilichosema, zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Na plastiki ya chini je? Hapo haziingii ndani kama zinavyofanya rangi za tina kali ambazo zinaing'ata plastiki kidogo, zinaegemea tu. Sasa weka mafuta ya vidole vyako katikati, weka na mabaki ya dawa ambayo kiwandani wanapaka kwenye umbo la chuma ili plastiki iachie, halafu usiweke praima, yaani rangi ya msingi ya kushikia, halafu uvute na selotepu masaa mawili tu baadaye, utando wenyewe ni imara kuliko unavyoshikilia chini, lazima utoke kama ngozi. Tepu haikuharibu rangi, imekuonyesha kwamba rangi haikuwa imeshika.

Na hayo masaa mawili ndo kosa la wengi. Kukauka na kukomaa ni vitu viwili tofauti. Akriliki ukiigusa baada ya dakika ishirini haitakuchafua kidole, ila ndani bado ni mbichi, ipe siku nzima kabla tepu haijaigusa, na kama umepaka nene ipe mbili. Enameli, yaani rangi ya mafuta, ndo balaa zaidi maana yenyewe inakomaa kwa kuvuta oksijeni kutoka hewani, kazi ambayo haiharakishwi kwa kupepea, mimi kipimo changu ni pua, nikiisogeza karibu na bado inanukia tina basi bado, hata kama imepita siku tatu.

Kwa hiyo ndege ijayo, kabla hujakata kipande chochote, osha fremu zote zinazoshikilia vipande kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, acha zikauke zenyewe. Ukimaliza kujenga, futa tena kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, na kuanzia hapo ishike kwa glavu au kwa kijiti ulichochomeka sehemu isiyoonekana. Halafu praima. Ya kopo la kupuliza kwa ajili ya modeli inatosha kabisa, mpulizo mwembamba mara mbili, na faida yake ya pili ambayo watu hawaisemi ni kwamba inakuonyesha ujinga wako wote, kila muungo ambao haukukaa na kila mkwaruzo wa msasa utauona kwenye ile kijivu moja, unarudi kurekebisha wakati bado ni rahisi.

Kuhusu unene, hebu fanya hesabu hii na mimi. Ndege yako ni moja ya 72, yaani kila inchi moja kwenye modeli ni futi sita kwenye ndege yenyewe, ndo maana watu waliichagua hiyo namba. Spitfire halisi ina mabawa ya mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha, yako ina sentimita 15 na nusu hivi, kama urefu wa kalamu. Sasa ukipaka rangi yenye unene wa milimita 0.1 tu, ambao kwa mkono unaona ni kidogo sana, kwa kipimo cha ndege halisi ni zaidi ya milimita 7 za rangi! Hiyo sio ndege tena, ni ukuta umepigwa plasta. Ndo maana pale uliporudishia nene nene ikawa mwanzo wa tatizo la stika.

Kupaka vizuri kwa brashi kunawezekana kabisa na usikubali mtu akuambie haiwezekani. Brashi bapa laini, rangi umeiongezea tone la maji hadi itiririke bila kuacha mifereji, unapaka mkono mmoja, yaani tabaka moja la rangi, uelekeo mmoja, na ukishapita usirudi. Hapo kwenye usirudi ndo kazi ilipo. Mkono wa kwanza utakuwa mbaya, una mabaka, plastiki inaonekana, moyo utakusukuma uongeze, usiongeze, ondoka hapo mezani kabisa. Baada ya saa moja mkono wa pili, uelekeo wa kukatiza ule wa kwanza, kisha wa tatu, wa tatu huwa unashangaza. Mikono mitatu myembamba ni myembamba kuliko mmoja mnene wa hasira.

Na kingine, kwa nini uliweka tepu? Yale mabaka ya kahawia na kijani ya mwaka 1940 yamepinda pinda, ukiwa unatumia brashi huhitaji tepu hata kidogo, chora mstari kwa penseli laini, paka ukingo kwa brashi ndogo kufuata mstari, jaza katikati kwa brashi bapa, imeisha. Tepu iache kwa mistari iliyonyooka na fremu za kioo. Na iwe ile ya karatasi ya njano ya modeli, selotepu inavuta mno na haijui kupinda. Kabla ya kuibandika ibandike kwanza mgongoni mwa mkono wako mara moja mbili ipunguze ukali, na ukiitoa ikunje irudi juu yake yenyewe, polepole, usiivute kwenda juu. Nakwambia hivi kwa sababu niliwahi kuacha tepu kwenye ndege karibu wiki tatu nikiwa na mambo mengine, kurudi gundi ya tepu imehamia kwenye rangi, nikakaa jioni nzima naisugua kwa kidole.

Stika sasa, na hapa ukielewa kinachotokea hutasahau. Rangi isiyong'aa haing'ai kwa sababu uso wake sio laini, ukiukuza utaona vilima na mabonde, mwanga ukipiga unatawanyika. Ukilaza stika juu yake, utando wa stika unakaa juu ya vilima tu, kwenye mabonde inabaki hewa, na ile hewa ndo unaiona kama ukungu wa fedha, mwanga unagota kwenye hewa unarudi. Hakuna gundi ya stika itakayojaza mabonde yote hayo, na ya kwako yalikuwa makubwa zaidi kwa sababu ya brashi na rangi nene. Dawa yake ni kupaka vanishi ya kung'aa kwanza, ndege nzima au angalau sehemu za stika, iache ikomae, utaona ndege imekuwa kama pipi na utaogopa, usiogope, mwisho kabisa unapita na vanishi isiyong'aa inarudi kawaida na inafunga kingo za stika humo humo.

Pia kuna vimiminika viwili vya stika, Micro Set na Micro Sol ndo maarufu ila wengine nao wanatengeneza. Cha kwanza unapaka chini kabla ya kulaza, cha pili juu baada ya kulaza, hicho cha pili kinailainisha stika hadi inalala kwenye kila mstari wa bati la ndege. Dakika chache baada ya kukipaka stika itajikunja na kutoa mikunjo ya kutisha kama ngozi ya mzee, na hapo mkono utakuwasha uinyooshe. Usiiguse! Ikiguswa hapo inachanika, ikiachwa inajinyoosha yenyewe ikikauka.

Zako ambazo zimeshakaa unaweza kuziokoa kiasi fulani. Chukua ncha ya sindano mpya, toboa vitundu vidogo vidogo pale penye fedha tu, kisha gusisha kile kimiminika cha pili juu ya vitundu, kitaingia chini chenyewe na kusukuma hewa. Acha usiku kucha, rudia kesho yake. Kwa kawaida nusu ya ukungu huondoka raundi ya kwanza, raundi ya tatu ukiona haibadiliki ndo imefika mwisho wake. Zile zilizo juu ya sehemu uliyorudishia rangi nene sikupi matumaini makubwa.

Eabrashi je? Mimi ninayo na siwezi kukaa bila hiyo, kwa hiyo sikwambii ni mbaya. Inaweka rangi nyembamba ajabu na kingo laini ambazo brashi haitoi. Lakini sikia, eabrashi haioshi plastiki, haisubiri kwa niaba yako, na haijui kama umeweka praima. Ungeinunua mwezi uliopita rangi yako ingebanduka vilevile, tena ungekuwa na matatizo mapya, rangi ikiwa nzito inaziba sindano, ikiwa nyepesi inatambaa kama buibui, ukiwa mbali inafika imeshakauka hewani na uso unakuwa kama msasa. Watu wanasema iwe kama maziwa, na ni kweli, lakini maziwa hayo unayajua kwa kuyaona sio kwa kusoma. Na nusu ya muda wako utakuwa unaosha mashine. Ningekuwa wewe ningejenga mbili au tatu zaidi kwa brashi na praima ya kopo, halafu ukiona sasa kinachokuzuia ni ule ukingo laini tu, nunua, sindano ya milimita 0.3 inafanya karibu kila kitu, kompresa iwe na tangi ili hewa isidunde, na presha ya bar 1 hadi 1.4 kwa kuanzia.

Ila kabla hujanunua, tafuta mtu mwenye nayo ukae pembeni yake jioni moja. Kuna vyama vya wajenzi wa modeli, kile cha IPMS, chama cha kimataifa cha wajenzi wa modeli za plastiki, kilianzia Uingereza mwaka 1963 na sasa kina matawi nchi nyingi, na hata pasipo chama rasmi huwa kuna wawili watatu wanaojuana. Kuchanganya rangi na kushika ile mashine ni vitu ambavyo nikikuandikia kurasa kumi hutapata kile utakachopata kwa kuangalia mkono wa mtu dakika tano.

Sasa kichwa. Hili nimeliacha huku mwishoni ila lichukulie kwa uzito kuliko yote hapo juu. Inawezekana ni macho kweli, taa hafifu na vitu vidogo vinachosha, lakini mtu anayefanya kazi na supaglu chumbani usiku dirisha limefungwa mimi namfikiria hewa kwanza. Mvuke wa gundi na tina unaumiza kichwa, na chumba unacholalia ni mahali pabaya kuliko pote kwa sababu ukimaliza kazi unaendelea kuuvuta masaa nane umelala. Hamia sehemu yenye dirisha wazi, weka feni inayotoa hewa nje sio inayokupulizia usoni, funika chupa kila ukimaliza kuchovya. Ukifika kwenye kupuliza, hata kopo tu, fanyia nje au vaa barakoa yenye vichungi vya mkaa, zile za kitambaa na za vumbi hazizuii mvuke hata kidogo, zinakupa moyo tu. Msasa piga kwa maji, vumbi lisiruke.

Kama ukishabadilisha hayo kichwa kinaendelea kuuma, au unapata kizunguzungu, kichefuchefu, kifua kubana, au ngozi ya mikono inatoka vipele, acha kazi uende kwa daktari, na ubebe chupa au picha ya maandishi yake ili ajue unatumia nini. Mwenye pumu au mjamzito aongee na daktari kabla hata ya kuanza. Supaglu ikiingia jichoni usilazimishe kufungua kope, mwagia maji mengi ya vuguvugu na uende hospitali siku hiyohiyo. Na hii wengi hawaijui, usifute supaglu iliyomwagika kwa pamba au kitambaa cha pamba, ikikutana nayo inaganda kwa kasi na kutoa joto kali hadi inaweza kukuunguza. Nakuambia kwa sababu najua kwenye stika umetumia pamba za masikio na zipo hapo mezani.

Tumalizie na hiyo Spitfire yenyewe. Njia ya kwanza ni kuivua yote, akriliki ya maji hutoka kwa spiriti na mswaki wa zamani, unajaribu kwanza kwenye kipande cha fremu uone plastiki haidhuriki, petroli na tina kali usisogeze. Utaanza na plastiki safi lakini stika zote zimekwenda na itabidi utafute karatasi nyingine. Njia ya pili ni kutengeneza palipoharibika tu, unaacha ile rangi nene ikomae wiki nzima maana ikiwa bado laini msasa unaiviringisha kama kifutio badala ya kuila, unasawazisha kwa namba 1000 ya maji, mikono miwili myembamba juu, vanishi ya kung'aa, sindano kwenye stika, vanishi isiyong'aa. Njia ya tatu ni kuiacha ilivyo.

Mimi ningechukua ya pili, na sio kwa sababu itatoka nzuri, itatoka ya wastani, bali kwa sababu ndege yenye makosa ndo sehemu ya kujaribia bila woga. Kuivua yote kwa ndege ya pili maishani ni kazi ya mtu anayetafuta medali, na mara nyingi ndo inayowafanya watu waache. Wiki hii usiguse rangi, shughulika na kioo peke yake.

Na kikigoma kutoka, basi. Yangu yenye alama ya kidole ni Hurricane, ndege nyingine ya kivita ya Uingereza, ya 1/72 hiyohiyo, dole gumba upande wa kushoto wa kioo, kama sentimita moja hivi ya alama. Mwanangu aliwahi kuuliza ni ya nani nikamwambia ni ya rubani. Akaenda, akarudi na rula, akapiga mara 72, akaniambia baba huyo rubani ana kidole cha sentimita 72, aliingiaje humo ndani.